Karata Alizozitupa Mjomba

Kila siku akitoka shule, Bingwa alivua sare, akaosha vyombo, kisha akaingia chumbani kwa mjomba na kuufunga mlango. Mjomba, fundi redio aliyekuwa akiishi nao, alikuwa amefariki muhula uliopita. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukigusa chumba kile. Shati lake la kazi lilining'inia msumarini, na kiti chake kilikuwa bado kimebonyea pale alipozoea kukaa.

Yeye ndiye aliyemfundisha poka, mchezo wa karata, kwenye kompyuta yake. Walicheza kwa pointi tu, bila hata senti. Karibu kila mara mtoto alishinda, na mjomba akapiga kelele, "Bingwa wangu!" Jina likamganda.

Programu waliyoitumia kucheza ilikuwa imejifunza namna mjomba alivyocheza. Ukibonyeza jina lake, kivuli chake kilikuja mezani kikacheza kama yeye, hata kusita kwake kabla ya kuongeza dau. Katika kusita huko, mwili ulimsisimka Bingwa. Wakati mwingine alihisi mtu akivuta pumzi nyuma yake, lakini hakuthubutu kugeuka.

"Shikamoo, Mjomba," alinong'ona. Kisha akashinda tena.

Shuleni mambo yalikuwa mengine kabisa. Katika klabu ya michezo, Miwani, msichana wa darasa lake, alimfunga bila huruma katika poka, kwa programu hiyohiyo.

"Una bahati tu, wewe!" Bingwa alifoka siku moja.

"Bahati gani hiyo ya kila Ijumaa?" Miwani akacheka. "Programu ina sehemu ya uchambuzi. Mimi huirudia michezo niliyofungwa, nione nilipokosea. Wewe umewahi?"

Hakuwahi. Alipofika nyumbani, bado amefura, aliifungua sehemu hiyo. Lakini hakuanza na michezo aliyofungwa. Alianza na ile aliyomshinda mjomba enzi za uhai wake, ajionee mwenyewe ubingwa wake.

Uchambuzi ulifunua karata za wote wawili. Mjomba alikuwa na wafalme watatu. Bingwa hakuwa na kitu. Hata hivyo, mjomba alizitupa karata zake na kukubali kushindwa. Bingwa akafungua mchezo mwingine: mambo yaleyale. Na mwingine.

Kivuli nacho kilikuwa kimejifunza hivyohivyo. Kumbe hata sasa, katika chumba hiki kitupu, mjomba alikuwa bado anamwachia ashinde.

Kilio chake kilimleta mama. Alisita mlangoni, maana hakuwa ameingia humo tangu siku ya mazishi. Kisha akaingia taratibu, akaketi kitandani.

"Alinidanganya, Mama! Mimi si bingwa wa chochote!"

Mama alitazama zile karata kwenye kioo. "Ndiye kaka yangu huyo. Tulipokuwa wadogo tukishindana mbio, alijifanya kachomwa na mwiba ili nimpite." Akacheka, huku machozi yakimtiririka. "Alipenda kukusikia ukifurahi, basi."

"Sasa nifanye nini?"

"Michezo hii ni ya kumkumbukia. Ukitaka kujua kucheza, nenda kwa anayekufunga."

Bingwa alimeza mate machungu, akamwendea Miwani. Wakaketi pamoja kuichambua michezo yake, na ilimuuma kuona jinsi alivyong'ang'ania karata mbovu na kuongeza dau kwa pupa. Siku za mwanzo, akipita mbele ya chumba cha mjomba, alisikia kama anaitwa. Hakukiita tena kile kivuli. Alicheza na wanaklabu kwenye kompyuta za shule, akafungwa, akachambua, akarudia.

Muhula ulipokaribia kwisha, alimfunga Miwani. Miwani alinuna, akapiga meza. "Subiri! Nataka kuona nimekosea wapi!"

Jioni hiyo Bingwa alimkuta mama chumbani kwa mjomba, akifungua madirisha. Akamweleza yote.

"Mwanangu," mama alisema, "mtu akikupenda anaweza kukupa ushindi, lakini hawezi kukupa ujuzi. Huo unautafuta mwenyewe, kwa kuyatazama makosa yako bila kujidanganya. Haya, shika ncha hiyo ya shuka, tutandike."