Fundo kwenye Bamba la Saba

Saa nane na dakika ishirini na tano mchana, juisi ya miwa iliyokuwa ikipita kwenye kioo cha chujio ilibadilika ghafla, ikawa kama maji ya mtaro. Pampu ikazimwa, mabamba kumi na mawili yanayobana vitambaa vya kuchujia yakafunguliwa. Kwenye bamba la saba kitambaa kilikutwa kimechanika urefu wa kiganja, na tope lilikuwa limeshaingia kwenye tangi la juisi safi. Kiwanda kizima kikasimama.

Msimamizi wa machujio alijulikana kwa jina la Kioo, kwa kuwa hakuna uchafu uliowahi kumpita. Alihitaji dakika kumi tu kumpata mkosaji. Opereta aliyeingia zamu saa nane, mtu wa maneno machache waliyemwita Mpole, alikutwa na kisu mfukoni, na wiki iliyopita alikuwa amenyimwa cheo.

"Kisu cha nini kazini?"

"Cha kumenyea machungwa, mzee. Na mabamba nimeyakuta yamefungwa tayari."

"Kumbe! Na kitambaa nacho ni chungwa?"

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa mdogo wake Kioo, opereta wa zamu ya asubuhi, ambaye alikuwa bado hajaenda kuoga. Kioo akakitia kisu mfukoni mwake. Meneja akaamua papo hapo: ifikapo saa kumi, Mpole arudishe kitambulisho getini. Unga wake umemwagika.

Ilibaki ripoti tu. Kioo akakitandaza kitambaa mezani ili aeleze vizuri kilivyokatwa, na kalamu ikamsimama mkononi. Kisu hukata nyuzi sawasawa. Hizi zilikuwa zimevutwa kuelekea chini, kama mtu anavyokwangua tope. Lakini tope hukwanguliwa kwa mwiko wa mbao, maana chuma hula kitambaa, na hilo analijua hata mfagiaji.

Akafungua daftari la zamu. Saa saba na dakika hamsini, kwa mwandiko wa mdogo wake: mabamba yamesafishwa na kufungwa. Saa nane na dakika tano, kwa mwandiko wa Mpole: pampu imewashwa, juisi safi kwenye kioo. Kisu kingepenya wapi kati ya mabamba yaliyobanwa? Na kwa nini juisi ilitoka safi dakika ishirini nzima?

Jibu lilikuwa kwenye kona ya kitambaa. Palikuwa na mkunjo. Mtu alikuwa amekikunja juu ya mchaniko na kuubana kwa kamba, ukashika mpaka mgandamizo wa pampu ulipopanda, ndipo ukateleza. Kioo akaigeuza kamba. Mizunguko mitatu, ncha imefichwa chini. Kiwandani watu wawili tu walijua kufunga fundo lile, na mmoja wao alikuwa yeye.

Saa kumi kasorobo, ile kamba ikiwa mkononi, alimkuta mdogo wake chumba cha kubadilishia nguo.

"Fungua kabati."

"Kaka, kuna nini?"

"Fungua, nimesema!"

Ndani, chini ya ovaroli, kulikuwa na mwiko wa chuma wenye nyuzi nyeupe ukingoni.

"Asubuhi ulinisema mbele za watu kwamba naenda polepole kama bibi harusi," mdogo wake alisema. "Nikaharakisha, kikachanika. Nikaona haya kukuita."

"Ukaona heri mwenzako abebe?"

"Fundo hilo umenifundisha wewe. Ulisema ukichana, kunja, funga, anayeingia zamu atajijua. Ulikuwa unacheka, kaka."

Ilikuwa kweli. Miaka tisa iliyopita alifanya vilevile, na aliyefukuzwa alikuwa mtu aliyezoea kumwazimisha glavu zake. Kioo ndiye aliyeandika ripoti ile pia. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Getini, zamu zote mbili zilikuwa zimejaa, meneja akiwa mbele. Mpole alikuwa akivua kitambulisho shingoni. Kioo angeweza kumtaja mdogo wake tu, yeye akabaki na heshima yake. Akavua kofia.

"Aliyechana ni mdogo wangu," alisema. "Aliyemfundisha kuficha ni mimi. Na kabla yake niliwahi kuficha mwenyewe, mtu akafukuzwa bure. Meneja, andika yote."

Hakuna aliyecheka. Mpole akavaa tena kitambulisho chake, kisha akanyoosha mkono.

"Mzee, naomba kisu changu."

Kioo akakitoa mfukoni, akampa kwa mikono miwili, macho chini.