Jengo la 105, Ghorofa ya Kumi na Mbili

Saa 1:10 asubuhi.

Ramani ya maghorofa ilikuwa imetandikwa mezani kama kitambaa, na juu yake mabakuli manne ya supu ya utumbo. Ma Dongchil hakujali. Kwa wiki tatu yeye na wenzake watatu walikuwa wanapangia hapo hapo, chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja wa mji wa Incheon, na ramani ilishakuwa na madoa mengi kuliko aproni ya mpishi.

"Kura mia moja na arobaini," Ma alisema. "Za karatasi. Za wazee wasiojiweza. Zimo kwenye sanduku la bati. Saa nne sanduku linatoka ofisi ya umoja wa wenye nyumba. Saa nne na nusu linafika ukumbini. Katikati hapo ni letu."

Mtaa mzima wa kilimani ulikuwa ubomolewe. Kampuni mbili ziligombea kujenga, na wenye nyumba walikuwa wapige kura leo. Kampuni ya kwanza ilichora vyumba vingi vidogo, kila mwenye kibanda apate chake. Ya pili ilichora vikubwa vichache. Mwenye kibanda angepewa pesa kiduchu na kuonyeshwa barabara. Hiyo ya pili ndiyo iliyomlipa Ma.

Pyo Chunbae, dereva wa kundi, alizaliwa kilimani hapo hapo. Mama yake bado alikaa kwenye kijumba cha vyumba viwili. Kura ikienda anavyotaka Ma, mwenye kijumba hicho hapati chumba. Ndiyo maana Chunbae alidai malipo yake yasiwe pesa. Alidai mahali pa kumweka mama. Ma alimwandikia kikaratasi kwa mkono wake: *Jengo la 105, chumba 1203*. Ghorofa ya kumi na mbili. Chunbae alikilaza kifuani kama picha ya mchumba.

Malsun, mwanamke wa miaka hamsini mwenye ulimi wa asali, alimimina mihuri mezani. Miezi miwili alikuwa akigonga milango, akinywa chai za watu na kusoma majina yao. Kila jina alilichongea muhuri wa plastiki, maana huko muhuri ndio sahihi ya mtu.

"Mia moja thelathini na tisa feki," alisema. "Na mmoja wa kweli. Wa mamake huyu."

"Ulimwibia?" Gwak akacheka. Gwak ndiye misuli ya kundi, shingo kama gogo. "Mamako mzazi?"

"Niliazima."

"Mwizi akiiba kwa mamake, husema ameazima."

"Mwache," Ma alisema. "Mimi ndiye niliyeutaka. Anayenipa muhuri wa mama yake, huyo ni wangu." Akamgeukia Chunbae. "Hatakuja leo?"

"Nimemwambia mkutano umesogezwa hadi Jumamosi ijayo."

"Na ameamini?"

"Mimi ni mwanawe, kaka mkubwa," alisema, kwa jina ambalo kundi zima lilimwitia Ma.

Akainamia supu. Bakuli lake, kama kila siku, lilikaa juu ya jengo la 105.

Saa 4:05.

Gari la umoja wa wenye nyumba lilikuwa kuukuu, na dereva wake siku hiyo alikuwa Chunbae, mtoto wa mtaa aliyeaminika. Nyuma aliketi Mzee Nam, karani, sanduku la bati mapajani, kamba imezungushwa kiganjani. Pembeni yake Malsun, kwa leo mgawa zawadi, na katoni kubwa yenye picha ya sufuria ya presha.

"Na hiyo?" Mzee Nam aliuliza.

"Zawadi, baba. Zingine zilishatangulia ukumbini. Sheria inataka watu kadhaa waje kwa miguu yao. Bila sufuria, nani ataacha godoro lake Jumamosi?"

Chunbae alitabasamu kwenye kioo. Ndani ya katoni ile hamkuwa na sufuria. Mlikuwa na sanduku la pili, pacha wa lile la mzee, na kura mia moja na arobaini zilizopigwa na mtu mmoja. Alilifikiria sanduku tu. Sufuria zenyewe hazikumpitia akilini, na hapo ndipo mtoto wa kilimani alipojichimbia shimo.

Saa 4:12.

Kwenye uchochoro wa kinyozi, Gwak alijitupa na pikipiki mbele ya gari. Chunbae akafunga breki. Mpango ulikuwa mzee ashuke kumwangalia majeruhi.

Mzee hakushuka.

"Baba, mtu anakufa!" Malsun alilia.

"Afe kidogo," Mzee Nam alisema. "Mimi na sanduku ni kitu kimoja."

Gwak aliinuka, majeraha yakiwa yamepona kwa muujiza. Akafungua mlango. Akaukamata mkono wenye kamba, akauweka kwenye fremu, akabamiza mlango. Mara ya kwanza kitu kikalia kama kijiti kikavu. Mara ya pili kikalia kama kijiti kibichi.

"Kaka, inatosha!" Chunbae alisema.

"Endesha wewe. Hujaitwa kuhesabu vidole."

Malsun alibadilisha masanduku, akamfuta mzee jasho kwa leso.

"Umepata ajali ya pikipiki, baba. Eti? Wajukuu wako wanasoma shule ya msingi pale darajani. Wanapita kando ya barabara kila siku, maskini."

Mzee Nam alimtazama Chunbae kwenye kioo. Alimfahamu kijana huyo tangu hajui kupenga kamasi.

"Ajali," mzee alisema.

Saa 5:20.

Ukumbi wa harusi ulifurika. Sanduku pacha lilikaa jukwaani. Kando, chini ya shuka jeupe, mfano wa maghorofa ya mshindi ulingoja kufunuliwa. Kampuni zilikuwa mbili ila mfano ulikuwa mmoja. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mlangoni foleni ya sufuria ilijipinda hadi ngazini. Na kwenye foleni, kwa viatu vyake vya sikukuu ya Chuseok, alisimama Bi. Bongrye.

Chunbae alijibanza ukutani. Mama yake hajapata kupitwa na cha bure tangu vita viishe.

"Bibi, wewe umeshapiga," msichana wa mezani alisema. "Kwa karatasi. Muhuri wako huu hapa."

"Muhuri wangu?" Sauti ya Bi. Bongrye ilikuwa ya kuitia samaki sokoni, miaka thelathini. "Muhuri wangu haupo tangu Jumanne! Nimepekua hadi pipa la kabichi za kimchi! Nani kanipigia kura?"

Ukumbi ukageuka. Mwanamume mmoja akapanda kiti: "Fungueni sanduku! Zikaguliwe zote!"

Kiganja cha Ma kilitua shingoni mwa Chunbae, taratibu, kama cha baba.

"Mzime."

"Kaka mkubwa..."

"Kumi na mbili sifuri tatu. Au nimwachie Gwak amsindikize nyumbani."

Hatua ishirini. Chunbae alizitembea.

"Nisameheni," alisema, akiinama kwa huyu na yule. "Ni mama yangu. Akili imeanza kumtoka. Muhuri alinipa mwenyewe, akasahau. Juzi aliweka viatu kwenye jokofu."

Hakuwahi kuweka viatu kwenye jokofu. Bei ya samaki makrili ya mwaka aliomzaa Chunbae aliijua, na ya kila mwaka uliofuata.

Bi. Bongrye alimtazama mwanawe usoni. Akaona jasho. Akaona, nyuma yake, mwanamume mwenye shingo ya gogo.

"Kweli," alisema polepole. "Siku hizi nasahausahau."

Aliyepanda kiti akashuka. Wengine wakacheka kwa huruma.

"Basi nipeni sufuria yangu."

"Aliyepiga kwa karatasi hapati, bibi."

Saa 6:40 mchana.

Mia moja themanini na saba kwa mia moja na kumi na tisa: kampuni iliyomlipa Ma imeshinda. Makofi. Shuka likavutwa. Majengo meupe, miti ya sponji, vijitu vidogo vikitembeza vijibwa.

Chunbae aliitafuta namba 105. Akaipata ukingoni, juu ya reli. Akahesabu ghorofa. Akahesabu tena kwa kidole.

Tisa.

Alimkuta Ma ngazini.

"Kaka mkubwa. Jengo la 105 lina ghorofa tisa."

"Limekuwa na tisa wiki tatu zote. Wewe ulikuwa unanywea supu juu yake."

"Uliniahidi! Nimekupa mama yangu!"

"Ndiyo hiyo." Ma aliwasha sigara. "Mtu akimuuza mama yake kwa kikaratasi, mimi ataniuza kwa nini? Kwa leso? Usirudi mgahawani."

Gwak alipita akimpiga bega, akicheka. Malsun hakumtazama.

Aliporudi, ukumbi ulikuwa unafagiliwa. Mama yake alikuwa ameinamia mfano, mikono nyuma, kama mnunuzi.

"Nilijua una sababu," alinong'ona. "Mwanangu hanitukani bure. Haya, yetu ni ipi?"

Chunbae alinyoosha kidole. Kikaipita ghorofa ya saba, ya nane, ya tisa. Kikapanda juu ya paa, kikasimama hewani.

Bi. Bongrye alikaza macho.

"Sioni."

"Iko juu, mama."

Akaendelea kukaza macho pale pasipo na kitu, akiitikia kwa kichwa, ameridhika, hadi mfagiaji alipowaambia watoke, wanafunga.