Chumba cha Uhindini, Msimu wa Bunge

Sabiha alimwona kijana mmoja pale Soko la Majengo akilipia zabibu bei ileile aliyotajiwa, bila kupatana hata kidogo. Akashindwa kunyamaza.

"We kaka, unalipa kama mbunge! Ndio nyinyi mnaotupandishia bei."

"Nakaa Uhindini, dada, katikati ya mji. Nimeshazoea kuumizwa na bei."

Sabiha alicheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani. Kijana alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mistari ikasimama. Jina lake Harithi, ana kiduka cha fotokopi. Zabibu wakazimaliza wawili, wakitembea.

Basi mapenzi yakaanza hivyo. Chumba cha Harithi kilikuwa kimoja tu, na kodi yake ya kumtoa mtu jasho, lakini Sabiha alikipenda kupita kiasi. Ukitoka mlangoni unakwenda kwa mguu sokoni, msikitini, benki, mpaka duka la vitambaa la baba yake.

"Mimi siolewi mahali pa kupanda gari kwenda kununua chumvi," alimwambia.

"Sawa, malkia wa lami."

Sabiha akamshonea pazia la zambarau, akalitundika kwa mkono wake.

Juni ya mwaka uliofuata, Bunge la bajeti likapamba moto. Mashangingi ya wabunge yakajaa barabarani, gesti zikajaa, hata nyanya zikapanda bei. Na Harithi akabadilika. Asubuhi anafika dukani ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Jioni ukimbip, anachelewa kupiga.

"Uko wapi, laazizi?"

"Nyumbani, mpenzi."

"Mbona nasikia mbuzi?"

"Mbuzi? Aa... redio hiyo."

Redio gani inayolia mee kila siku saa moja jioni? Ijumaa mchana Sabiha akakaanga sambusa kumi na mbili, akaenda mwenyewe kugonga mlango wa chumba cha Harithi. Akafungua mwanamke wa makamo, sketi ya kijivu, nywele zina vibanio.

"Karibu, mdogo wangu. Unamtaka nani?"

"Harithi."

"Yeye huja asubuhi kuchukua mashati yake. Nimwambie nani kaja?"

Nyuma ya yule mama, pazia la zambarau linapepea.

"Mwambie muuza sambusa," Sabiha akasema, akaondoka nazo. Njiani akazila zote kwa hasira, kichwa kikimzunguka. Ni mke wake? Mke gani anayemkaribisha mgeni vizuri namna ile? Na mbuzi wanaingiaje hapo?

Harithi akapiga mara sita. Ya saba Sabiha akapokea.

"Mkeo anafugia wapi mbuzi?"

"Mke gani?"

"Anayelala kwenye pazia langu!"

Vocha ikamwishia Harithi hapohapo. Sabiha hakusubiri. Akavuka mitaa miwili, akamkuta dukani kwake amesimama kando ya mashine, karatasi zinamwagika chini na yeye hazioni.

"Yule ni Frida, katibu muhtasi, kaja na Bunge. Nimempangisha chumba mpaka wafunge. Mimi nalala kwa rafiki yangu Msafiri, Nzuguni, nje ya mji. Mbuzi ni wake."

"Na Bunge lililopita, uliponiambia umesafiri Tabora?"

"Nilikuwa Nzuguni."

"Harithi!"

"Kodi siiwezi, Sabiha. Wiki hizi za Bunge ndizo zinazonilipia miezi mingine yote. Nimeng'ang'ania Uhindini kwa ajili yako."

Sabiha hakujua amkumbatie au amzabe kibao. Mwanamke mwingine hakuna, alhamdulillahi. Lakini mwaka mzima amedanganywa, tena kwa sababu ya maneno yake mwenyewe. Hapo amkasirikie nani?

"Kwa hiyo na pazia langu umelipangisha?"

"Amelisifia sana."

"Nyamaza!"

Harithi akainama kuokota karatasi, kisha akasema polepole, "Nimechoka kujificha. Frida akiondoka narudisha ufunguo. Kule Nzuguni nimepata vyumba viwili na ua, kwa nusu ya bei. Nataka nikuoe, lakini kule. Ukiniacha, niache kwa hilo, sio kwa Frida."

Sabiha alimtazama mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaona aibu, akaondoka.

"Jumapili nipeleke nikapaone. Kwa mguu."

"Kwa mguu? Unapajua Nzuguni wewe?"

"Nitapajua."

Wakaondoka asubuhi, Sabiha na gauni la kijani na viatu vya visigino alivyovaa kwa kiburi tu. Mpaka wanaiacha lami, viatu viko mkononi mwa Harithi. Upepo wa Juni ukawapiga vumbi mdomoni. Wakagombana kwa mwendo wa saa nzima, kisha wakacheka kidogo. Walipofika, Sabiha akakaa kwenye kibaraza cha nyumba yenyewe, akakunja miguu, akanywa maji vikombe vitatu.

"Haya, niambie," Harithi akasema.

"Nina hasira, nina furaha, nina njaa. Sijui ipi ni ipi." Akageuka kuitazama njia waliyotoka. Mji hauonekani. "Ungeniambia mwaka jana, ningekukatalia."

"Na leo?"

"Leo nimeona unatembea njia hii kila siku kwa ajili yangu, mjinga wewe." Akafuta vumbi usoni, au labda halikuwa vumbi. "Kesho kaongee na baba. Ila mimi kurudi, narudi na gari."