Waliopiga Kura Bila Kuja

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, siku ya Jumamosi, msimamizi wa kituo alikata lakiri za sanduku la kura na kulimimina juu ya meza mbili za wanafunzi zilizounganishwa. Karatasi zikatoka. Zikaendelea kutoka. Nyingine zikadondoka sakafuni, jambo ambalo chumba kile cha darasa kilikuwa hakijaliona.

Msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu aliyeletwa kutoka kata nyingine, mtu wa kufunga vifungo vyote vya koti hata jua likiwa utosini. Alizihesabu mara tatu. Mia mbili hamsini na tatu. Akafungua daftari la wapiga kura, akahesabu majina yenye alama ya tiki. Mia mbili hamsini na tatu.

"Vitabu vimekubaliana," akasema, akafuta jasho.

"Vitabu vimekubaliana, macho yamekataa," alijibu fundi cherehani, mwanamke mnene aliyekuwa wakala wa chama cha Taa. Kutwa nzima, kwa kukosa la kufanya, alikuwa amepiga mstari kwenye kijikaratasi kila alipoingia mpiga kura. Alikuwa na mistari arobaini na moja, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wake mwenyewe.

Seremala, wakala wa chama cha Ngazi na katibu wa tawi lake, aliinama kufunga kamba za viatu. Karani wa wino, msichana mwembamba aliyehamia mtaani mwaka ule, alikuwa anafunika chupa ya wino. Saa kumi na mbili kamili polisi wakaitwa.

Aliyekuja alikuwa mpelelezi wa kituo cha polisi cha jirani, mkazi wa mtaa huohuo. Watu walimwita Afande Pole. Mkewe alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na tangu siku hiyo kila aliyekutana naye alimwambia pole, naye aliitikia "asante" kwa sauti ileile, hata aliposalimiwa habari za asubuhi.

Maelezo aliyoyapata yalikuwa mafupi. Kituo kilifunguliwa saa mbili asubuhi, sanduku likaonyeshwa kwamba ni tupu, likafungwa kwa lakiri. Lakiri hazikuguswa, kwa hiyo kila karatasi ilipita kwenye tundu la juu, moja moja. Karatasi zisizotumika na mhuri vilikaa kwenye kasha la bati lisilo na kufuli, chini ya meza ya karani. Mchana watu walikwenda kula. Mwalimu alitoka saa saba kamili, akamwacha karani chumbani, akaenda kujinyoosha kwenye ofisi ya walimu. Fundi cherehani alikwenda kwake. Seremala alisema alikwenda kwenye karakana yake kupiga randa mbao. Askari wa mlangoni alikuwa amepewa vituo viwili vya kulinda, na wakati huo alikuwa kwenye kile kingine. Wote walirudi saa nane na nusu.

Mpelelezi alichukua karatasi kumi zilizobaki, akatazama saa. Akapiga mhuri, akatia alama, akakunja, akasukuma kwenye tundu, akatia tiki hewani. Kumi zilimchukua dakika tatu na nusu. Mia mbili na kumi na mbili zingechukua kama saa moja na robo.

Akamgeukia karani. "Mchana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Hukutoka?"

"Sikutoka, Afande."

Basi ikawa hivyo. Mkubwa wa kituo cha polisi aliposikia kwamba kuna mtu aliyekiri mwenyewe kukaa peke yake na sanduku dakika tisini, alisema kazi imekwisha. Msichana angefikishwa mahakamani Jumatatu saa tatu asubuhi, na kwa kosa la uchaguzi hapakuwa na dhamana. Wakamvua viatu na mtandio, wakamweka mahabusu.

Jumapili saa mbili asubuhi Afande Pole alimtoa ili atie sahihi maelezo yake. Alitia sahihi kwa mkono mmoja. Mwingine aliukumbatia kifuani. Gauni lilikuwa limelowa mbele, sehemu mbili, likakauka, likalowa tena.

"Mtoto ana umri gani?" mpelelezi akauliza.

Msichana alitazama meza. "Miezi mitano."

"Na mchana ulikwenda kumnyonyesha."

Hapo ndipo yalipomtoka. Saa saba na dakika tano alifunga mlango, akautundika ufunguo kwenye msumari katika ofisi ya walimu, ambako mwalimu alikuwa amelala kinywa wazi, akakimbia kwa mama yake. Mtoto alilia, akanyonya, akalala, akalia tena. Alirudi saa nane na dakika ishirini na tano, ufunguo uko palepale, mwalimu bado anakoroma. Alificha kwa sababu kanuni ilisema karani akiondoka kituoni anafukuzwa kazi na halipwi hata siku moja.

"Sasa ndiyo hutafukuzwa, utafungwa," mpelelezi alisema. Hakusema kwa ukali. Hakusema kwa huruma pia.

"Mama anampa maziwa ya kikombe," msichana akasema. "Anayatema."

Mpelelezi alirudi ofisini, akafungua bahasha ya kura. Alitaka kujua nani aliibiwa na nani aliongezewa, maana ndivyo wizi wa kura unavyokuwa. Kuzitenganisha haikuwa kazi. Arobaini na moja zilikunjwa kila moja kwa namna yake, nyingine zimefinyangwa kama karatasi ya karanga. Mia mbili na kumi na mbili zilikunjwa mara mbili, pembe juu ya pembe, mkunjo umekandamizwa mpaka ukawa kama wembe.

Zile za kweli: Ngazi ishirini na saba, Taa kumi na tatu, moja imeharibika. Zile za uongo: Ngazi mia moja na arobaini, Taa sitini na saba, tano zimeharibika. Akazidisha, akagawanya. Mgawo ulikuwa karibu uleule. Mwizi alikuwa amewaongezea wote kwa haki, na hata kura za kuharibika hakuzisahau. Ngazi ingeshinda vilevile bila yeye.

Katika miaka ishirini na sita ya kazi, Afande Pole alikuwa hajaona mwizi anayeiba kisha anagawia kila nyumba fungu lake.

Akafungua daftari la wapiga kura. Lilikuwa na majina mia nne na themanini, limepangwa nyumba kwa nyumba. Tangu ukurasa wa kwanza hadi wa kumi na moja tiki zilifuatana kama mchwa. Kuanzia wa kumi na mbili zilikuwa moja hapa, moja kule. Kwenye ukurasa wa nne alikuta jina lake. Limetiwa tiki. Alikumbuka Jumamosi yake vizuri: alikaa nyumbani, akaloweka mashati mawili, akasahau kuyafua.

Chini ya jina lake kulikuwa na jina la mkewe. Halikuwa na tiki.

Alilitazama kwa muda. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kuandika majina yaliyorukwa. Katika kurasa zote kumi na moja yalikuwa kumi tu. Tisa aliwajua mmoja mmoja, kwa sababu alikuwa amekwenda kuwazika. Marehemu, wote.

Wa kumi alikuwa bibi kizee wa nyumba ya kona. Mwanawe alitiwa tiki. Mkwewe alitiwa tiki. Bibi mwenyewe aliachwa.

Saa tano asubuhi mpelelezi alibisha hodi kwenye nyumba hiyo, tayari kutoa pole. Akafunguliwa na bibi mwenyewe, ameshika fimbo, miguu imevimba, macho makavu kama ya kuku.

"Umekuja kunikamata? Ngoja basi nivae," bibi alisema.

Alimketisha. Alikuwa hajatoka uani kwa mwaka mzima kwa sababu ya miguu, lakini habari za mtaa zilimfikia zote, na nyingine zilimfikia kabla hazijatokea. Mpelelezi alimwuliza kama alikwenda kupiga kura.

"Kwa miguu gani, mwanangu? Na hao wanaotaka kura wangekuja kunibeba, ningewapa. Hakuja hata mmoja. Huyo fundi seremala alipita nyumba zote mara mbili, hapa akaruka. Nikasema sawa, nimekwisha kuwa mzimu."

Mpelelezi alikuwa anatazama ukutani. Jeneza jipya la mbao laini, lenye vishikio vya shaba, lilikuwa limesimamishwa kwenye kona, kifuniko kimegeuzwa rafu.

"La kwangu hilo," bibi akasema. "Nilimtuma mwanangu aagize mapema, nisije nikazikwa kwenye mbao za masanduku ya sabuni kama marehemu mume wangu. Lina miezi mitatu. Naweka mablanketi, panya hawaingii."

Mwanawe, aliyekuwa anatengeneza baiskeli uani, aliulizwa jinsi alivyoagiza. Alisema alikwenda na kamba yenye urefu wa mama, seremala akauliza jina, akaambiwa, akaandika. Seremala akasema pole sana. Mwana akasema asante. Hakuona haja ya kueleza zaidi. Alikuwa na haraka ya mkokoteni wa kubebea.

Saa sita mchana mpelelezi alikwenda kwa mwalimu, akamwuliza watu tisa wale ni akina nani. Mwalimu hakumjua hata mmoja. Alikaa umbali wa vituo kumi vya basi, na mtaani alifika Ijumaa jioni. Mtu kama yeye, au karani aliyehamia mwaka ule tu, angetia tiki wafu na wazima bila kubagua. Kisha akaenda kwa fundi cherehani, akamwuliza tu kama anamfahamu bibi wa nyumba ya kona.

"Nimfahamu vipi tena? Alhamisi nimempelekea gauni, akanirudisha nipunguze kiuno. Kiuno, Afande. Sikukiona nilipopima, nikipunguze wapi?"

Mpelelezi alimshukuru, akaondoka. Alibaki mtu mmoja.

Karakana ilikuwa nyuma ya ofisi ya tawi la Ngazi, chumba chenye bendera iliyofifia na viti thelathini vilivyopangwa mistari, vumbi limevilalia. Saa nane mchana seremala alikuwa peke yake, anapiga msasa ubao. Alipomwona mgeni, alimpa stuli.

"Pole, Afande."

"Asante. Nionyeshe daftari lako la oda za majeneza."

Seremala aliweka msasa chini, akapangusa mikono, akaenda kulichukua. Hakuuliza kwa nini. Mpelelezi alifungua daftari la wapiga kura upande mmoja na la majeneza upande mwingine, akaanza kusoma kwa sauti: jina, urefu, tarehe. Kila alilosoma kwenye la majeneza, alionyesha kwa kidole nafasi tupu kwenye la wapiga kura. La mkewe alilisoma kama mengine. Alipofika la kumi, aliinua uso.

"Huyu umemruka kwa nini?"

"Alifariki. Nimemtengenezea mwenyewe, futi tano na nusu."

"Nimetoka kwake. Ameweka mablanketi."

Seremala alikaa juu ya rundo la mbao. Kuku walikuwa wanachakura kwenye takataka za randa.

"Mzima?"

"Analalamika kiuno cha gauni. Fundi, anayejua marehemu wote wa mtaa huu anaweza kuwa yeyote. Anayedhani bibi yule amekufa ni mmoja tu, na ni mtu wa kukunja kitu pembe juu ya pembe."

Seremala alitazama mikono yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua ya makao makuu ya chama, akampa. Ilikuwa na mistari sita. Tawi ambalo hata nusu ya walioandikishwa kwenye eneo lake hawatapiga kura, uongozi wake utavunjwa na ofisi itafungwa. Nusu ya mia nne na themanini ni mia mbili na arobaini; alikuwa amepitisha kidogo, kwa usalama.

"Nimekuwa katibu miaka kumi na tisa," alisema. "Zamani viti hivi vilikuwa havitoshi, watu wanasimama dirishani. Wiki sita nimegonga kila mlango, ila wa wenye msiba. Hakuna aliyenitukana, Afande. Wangenitukana ningejua la kufanya. Walinipa kiti, wakasema tutakuja. Jumamosi nikakaa pale natazama mlango. Saa saba na kidogo nikarudi kuchukua kofia niliyosahau, nikaona ufunguo umetundikwa ofisini kwa walimu. Nikajifungia ndani. Hakuna aliyekuja hata kusukuma mlango. Kituo kimefungwa saa moja na nusu siku ya uchaguzi, na hakuna aliyelalamika."

"Ungeweza kuipa Ngazi zote."

"Sikutaka kuiba. Nilitaka ionekane watu walikuja. Marehemu niliwaacha kwa heshima yao."

"Na msichana?"

"Nilidhani watamwachia."

"Ana mtoto wa miezi mitano, yuko nje anatema maziwa."

"Nilisikia." Seremala aliinamisha kichwa. "Nilisikia jana, nikaenda kulala."

Mpelelezi aliyakusanya madaftari yote mawili, akamwambia achukue kofia. Mlangoni akasimama. Alikuwa hana sababu ya kipolisi ya kuuliza alilouliza.

"Mimi ulinipigia nani?"

Seremala alifikiri. "Yako niliiharibu. Nilikumbuka ulivyokuwa siku ile umekuja kuchukua jeneza la mkeo. Nikaona huyu hamtaki yeyote."

"Sawa," mpelelezi alisema, wakatoka.

Saa kumi jioni karani aliletwa kaunta, akarudishiwa viatu na mtandio, akatia sahihi kwamba vimetimia. Mama yake alikuwa ameshafika na mtoto mgongoni. Msichana aliketi kwenye benchi, akamchukua. Mtoto aligeuza uso, akakataa, akalia kwa hasira kama aliyesalitiwa. Kisha akashika, akanyamaza.

"Alikuwa nani?" msichana akauliza, bila kuinua macho.

"Seremala."

"Alitaka ashinde?"

"Hapana. Aliona aibu kwamba hakuna aliyekuja."

Msichana alifikiri juu ya hilo. Hakuonekana kukasirika, uchovu ulikuwa umechukua nafasi yote.

"Hata mimi sikupiga, Afande," alisema. "Nilikaa na lile sanduku tangu asubuhi, miguu yangu inaligusa. Wala halikunijia akilini."

Afande Pole alisema hata yeye hakupiga. Akakaa upande wa pili wa benchi, kofia magotini, mpaka mtoto alipomaliza kunyonya.