Ndoo Sabini na Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Eufrazia na Wema walikwenda mtoni pamoja. Walikuwa darasa la sita, wa dawati moja, na hata ndoo zao zililingana ukubwa. Ya Wema ilikuwa ya njano, na mshikio wake uliokatika aliufunga kwa kipande cha kanga ya mama yake. Mto wa kijiji chao, Kasungwe, una mamba. Kwa hiyo mmoja aliinama kuchota, mwenzake akasimama nyuma akiyatazama maji, kisha wakabadilishana. Hawakuongea mpaka wawe wamepanda ukingo. Hapo ndipo Wema alipoanza vichekesho vyake njia nzima.

Kisima kilikuwepo. Kasungwe, mbele kidogo ya Usevya, walikuwa wamejengewa kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua, tangi jeusi juu ya mnara wa chuma, na mabomba matatu chini. Kilitoa maji miezi minane. Kisha pampu ikaungua, mabomba yakakauka, buibui wakatanda kwenye koki, na watu wakarudi mtoni.

Mwezi wa tatu ilikuja habari kwamba mkaguzi wa miradi ya maji angepita. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bartolomeo, aliita kikao. Wengine walisema aonyeshwe pampu ilivyo. Lakini Bibi Angela, mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye ndiye bibi aliyemlea Eufrazia, hakukubali. Kasungwe mgeni hupewa kikombe cha maji kabla hata ya kuulizwa habari za alikotoka. Bibi Angela akauliza, mtu aliyekuja kwa ajili ya maji ataondokaje koo limekauka? Kwanza aone maji, anywe, ale kuku wake kwa wali. Habari ya pampu ataelezwa akishashiba. Mzee Bartolomeo aliunga mkono, kwa sababu aliogopa kijiji kuitwa kijiji kisichotunza miradi.

Basi siku hiyo, alfajiri, Mwalimu Leonidas aliwapanga wanafunzi mstari kutoka mtoni mpaka kwenye mnara. Ndoo zilipita mkono kwa mkono, na vijana wawili juu ya ngazi wakazimimina kwenye tangi. Eufrazia alihesabu: ndoo sabini na tatu.

Mkaguzi alifika saa nne. Alifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu, wanawake wakapiga vigelegele. Alimwona Eufrazia amesimama karibu, amevaa sare yake safi, akamuuliza kama maji hayo huyatumia kila siku. Eufrazia alimtazama bibi yake. Bibi alikuwa ameshika kikombe.

"Ndiyo, kila siku," alisema Eufrazia.

Mkaguzi akaandika. Alikula haraka haraka, kwa kuwa alikuwa na vijiji vingine viwili, na pikipiki yake ikaondoka kabla mtu hajamweleza habari ya pampu. Mzee Bartolomeo alisema atampigia simu. Siku zikapita, mvua zikazidi, na simu haikupigwa.

Mwezi wa nne Eufrazia alishikwa na malaria. Siku ya tatu ya homa yake, Wema alikwenda mtoni peke yake. Ndoo ya njano ilikutwa imenasa kwenye matete. Watu walitafuta siku mbili, na walichokipata walikizika kwenye sanduku dogo, na padri alikuja kutoka Usevya. Mama Wema hakulia kwa sauti. Alikaa ameishika ile ndoo mapajani kama mtu aliyepakata mtoto.

Baada ya hapo Eufrazia hakupenda kula. Alikuwa ameshinda mashindano ya insha ya wilaya, na mbunge wao, Mheshimiwa Marselina, alikuwa amewaalika washindi sita kwenda Dodoma kuliona Bunge. Bibi yake alidhani safari itamchangamsha. Walisafiri na Mwalimu Leonidas, wakapanda treni Mpanda, wakapita Kaliua na Tabora, wakafika wamejaa vumbi.

Asubuhi waliketi kwenye viti vya wageni, juu, wakilitazama Bunge chini yao. Spika aliingia, wote wakasimama, dua ikasomwa. Baadhi ya wabunge waliweka karatasi zao mezani, kila mmoja akitaja anachokiwasilisha. Kisha yakaanza maswali. Eufrazia alishangaa kwamba mambo makubwa yanaamuliwa kwa sauti ya kawaida tu, mmoja anakaa, mwingine anasimama. Swali la nne lilikuwa la Mheshimiwa Marselina. Alikuwa amesikia kwamba watu wa Kasungwe wanachota maji mtoni, akataka kujua ni lini Serikali itawapatia maji safi.

Naibu Waziri alisimama na karatasi yake. Alisema mradi wa Kasungwe ulikamilika, ulikaguliwa mwezi Machi, na mkaguzi alikuta maji yakitoka katika mabomba yote. Wananchi mia nane na kumi na wawili wanayatumia kila siku. Kwa hiyo fedha za mwaka huu zitapelekwa katika vijiji ambavyo bado havina maji.

Kila siku. Lilikuwa neno lake mwenyewe, limesafiri mpaka Dodoma kabla yake.

Mheshimiwa Marselina alishukuru kwa majibu mazuri, na swali lake la nyongeza akauliza habari za barabara ya Kasokola. Shauri la Kasungwe likaishia hapo. Eufrazia alimgeukia Mwalimu Leonidas. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake.

Baada ya maswali Spika alitangaza wageni. Alipowataja washindi wa insha kutoka Katavi, walisimama, na wabunge wote wakawapigia makofi. Eufrazia alisimama katika makofi hayo. Aliona mto. Aliona mtu mmoja tu anachota na nyuma yake hakuna wa kutazama maji.

Bunge lilipoahirishwa mchana, Mheshimiwa Marselina aliwafuata nje ili wapige picha. Aliwapanga, akacheka nao, akamwambia Eufrazia atabasamu kidogo. Eufrazia alijua kwamba akifungua mdomo, bibi yake ataaibika mbele ya kijiji kizima. Akaufungua.

"Mheshimiwa, lile jibu si kweli. Maji yale tuliyabeba sisi kutoka mtoni. Ndoo sabini na tatu. Mimi ndiye niliyemwambia mkaguzi ni ya kila siku. Na Wema ameliwa na mamba."

Mbunge aliishusha simu yake. Alimtazama Mwalimu, kama anayetaka kuambiwa mtoto ana homa.

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema Mwalimu Leonidas. "Mimi ndiye niliyewapanga mstari. Kosa ni letu wakubwa."

Picha haikupigwa.

Jioni Bunge liliporudi kuchangia bajeti ya maji, Mheshimiwa Marselina alipewa dakika zake. Alisema jibu la asubuhi halikuwa la kweli, na kwamba waliolitengeneza ni wapiga kura wake wenyewe, na yeye aliwashukuru bila kwenda kuona. Akalitaja jina la Wema. Naibu Waziri alisimama akaomba jibu lake lirekebishwe katika kumbukumbu, akaahidi mafundi ndani ya wiki mbili.

Habari zilitangulia kufika Kasungwe kwa redio. Eufrazia aliporudi, wenzake walimpisha njiani. "Nyie, tokeni hapo, Mbunge wa Ndoo anapita," walisema. Mzee Bartolomeo hakuitikia salamu yake. Bibi Angela alimpakulia chakula bila neno, siku tatu.

Siku ya kumi na moja mafundi walikuja na pampu mpya. Bibi Angela aliwatangulia kisimani. Hakuleta kikombe. Aliwaonyesha koki zenye buibui, akawaonyesha na njia ya mtoni, mahali ndoo ilipokutwa, akawasimulia yote, na kwamba wazo lilikuwa lake. Jioni maji yalitoka. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama Wema alikuja wa mwisho, na ndoo ya njano, akachota, akaondoka.

Usiku ule Bibi alimwita Eufrazia akae naye jikoni.

"Niliona haya mgeni kuondoka bila maji," alisema. "Sikuona haya nyie kwenda mtoni. Anayeweza kukusaidia, mjukuu wangu, mwonyeshe shida yako ilivyo, siku ileile, hata kama inatia aibu. Aibu yangu nimeimaliza kwa siku moja. Uchungu wa Mama Wema haumaliziki."

Kisha akamwambia kwamba kesho asubuhi, kabla ya shule, watachota kisimani ndoo mbili za maji, moja ya nyumbani kwao na moja ya Mama Wema. Wakafanya hivyo siku hiyo, na siku zote zilizofuata.