Umeme Uliporudi Kasongo

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba 2024, mji wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, uliamkia mvua nyembamba isiyokatika. Léocadie, muuguzi wa maternité, wodi ya wazazi, alikimbilia kibanda cha kuchajia simu sokoni, kitenge chake cha kijani kimeloa hadi magotini. Dady, fundi wa kompyuta, akampisha kiti.

"Kaa, mama. Mvua hii haina haya."

"Mimi si mama yako," akajibu, na wote wakacheka.

Kufikia Noeli walikuwa wachumba. Dady akaitengenezea maternité programu ya kutafuta watoa damu, akaiweka kwenye kompyuta ya Linux palepale, isitegemee mtandao wa mbali. Siku ya kuifungua Léocadie alimuuliza kama umeme ukikatika itaamka yenyewe.

"Iko inatembea, chérie," alisema Dady.

Kweli ilikuwa inatembea, inafanya kazi. Lakini alikuwa ameiwasha tu, hakuiagiza mashine iiamshe kila inapowaka upya. Hiyo ni amri nyingine, na aliisahau.

Mwezi wa pili umeme ulikatika, ukarudi. Kompyuta ikawaka, programu ikabaki imelala. Mchana huo Esther-Divine, mzaliwa wa Kabambare, alitokwa damu akijifungua. Mtoaji damu alipopatikana, mama huyo alikuwa amekwisha kufa. Bwana ampokee.

Mjini walisema muuguzi ndiye aliyezembea. Mkubwa wake akamsimamisha kazi. Léocadie alimpigia Dady asubuhi na jioni bila kumpata, akasali hadi maneno yakamwishia, kisha akaivua pete ya uchumba.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Dady.

"Uko wapi?" akauliza Léocadie.

"Kabambare, kwenye matanga. Nimepanda kilima kutafuta réseau ya simu."

"Nilidhani umenikimbia."

"Kosa ni langu, Léo. Haikufaa mume wa marehemu alisikie kwa mdomo wa mwingine."

"Na mimi je? Ningekusindikiza."

Kesho yake Léocadie alipanda pikipiki, akafika amejaa matope hadi kwenye kilemba. Jean-Marie, mume wa marehemu, alikuwa na mtoto mchanga mapajani. Alimtazama muuguzi, akamtazama fundi, akasema kwamba msamaha hana bado, lakini alichoambiwa na Dady faraghani kisemwe mbele ya wote.

Dady akasimama katikati ya waombolezaji, Léocadie kando yake.

"Mke wako alikufa kwa kosa langu, si la huyu. Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi: nitakwenda naye Kasongo, nitayasema haya kwa mkubwa wake na kanisani, na mutu yeyote hatabeba tena mzigo wangu."

"Na mimi naahidi," alisema Léocadie, "nitasimama naye akiyasema."