Miche Mia Moja na Themanini

Mimi ni Placidius wa Nyakasimbi, katibu wa kikundi chetu cha miche ya kahawa. Jambo hili naona haya kulisimulia, lakini nitalisimulia.

Miche yetu iko kwenye matuta matatu. Anayeilinda na kuimwagilia ni Kokugonza, mke wa kaka yangu. Siku ya kuhesabu, niliandika idadi ya kila tuta kwenye daftari. Jumla nikaipiga kwa mwiba juu ya jani la mgomba, kama tulivyozoea shambani. Kisha tukanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baada ya rubisi ndipo nikainakili jumla daftarini: 7,641.

Wiki iliyofuata tulihesabu tena. Tukapata 7,461. Miche 180 haipo!

Nilisimama mbele ya wanakikundi wote. "Shemeji, miche umeipeleka wapi?"

"Sijachukua hata mmoja," Kokugonza akajibu.

"Daftari halisemi uongo!" nikamkaripia.

Ikaamuliwa atolewe kwenye kikundi Jumamosi.

Ijumaa alipita jirani yangu Joanitha, mwalimu wa hesabu. Nikamweleza, tena kwa majivuno, jinsi nilivyomkamata mwizi.

"Hiyo 180 inagawanyika kwa tisa?" akauliza.

"Nitajuaje?"

"Jumlisha tarakimu zake. Moja, nane, sifuri."

"Tisa."

"Basi inagawanyika. Jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa tisa, namba yenyewe nayo inagawanyika, hata iwe kubwa namna gani. Sasa chukua 52. Igeuze iwe 25. Tofauti ni ngapi?"

"Ishirini na saba. Tisa mara tatu."

"Umeona? Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa tisa siku zote. Kwa hiyo mshuku kwanza aliyeandika. Lakini huo si ushahidi, maana hata mwizi anaweza kuchukua miche 180. Jumlisha matuta upya."

Nikafungua daftari. 2,500. 2,480. 2,481. Nikajumlisha mara mbili. Zote mbili nikapata 7,461. Sita na nne nilikuwa nimezigeuza mwenyewe.

Aibu ilinishika. "Mwalimu, uso wangu nitauweka wapi?"

"Palepale ulipomwitia mwizi," akasema, akaenda zake.

Jumamosi nikasimama mbele ya watu walewale. "Hakuna mche ulioibwa. Nimekosea mimi. Shemeji, nisamehe."

Tukakubaliana kwamba kila jumla ipigwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, ndipo isomwe. Daftari akakabidhiwa Kokugonza. Tangu siku hiyo hesabu zetu hazijagongana.

Lakini msamaha hakunipa palepale. Alinitazama, akasema, "Nimekusikia. Kawaambie na wanangu. Wao ndio wanaoitwa watoto wa mwizi shuleni."

Nikaenda. Waliponiona wakasimama wote watatu.

"Shikamoo, baba mdogo."

Kuitika marahaba kulinishinda. Nikaketi chini, nikawaambia, "Mama yenu hakuiba. Mimi ndiye niliyemsingizia."